Nani Kabeba Unga?

Watunzi wa michezo ya mezani wana swali moja hawapendi kuulizwa: hao mashujaa wenu wanakula nini porini, na nani kakibeba?

Kwa asiyeijua michezo hii: watu wanne watano wanazunguka meza, mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umepata au umekosa. Ni hadithi inayotungwa papo kwa papo. Kwa hiyo ni fasihi, na tuihakiki kama fasihi. Maarufu kuliko yote ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Ugomvi wangu nayo, pamoja na ukoo mzima iliouzaa, uko kwenye mambo mawili: inavyohesabu jeraha na inavyogawa kazi za vita.

Tuanze na jeraha. Mhusika ana pointi za uhai. Akipigwa zinapungua, zikiisha anaanguka. Katika toleo la tano, la mwaka 2014, aliyebakiwa na pointi 1 anapiga kwa nguvu ileile ya mwenye pointi 60. Akilala usiku mmoja, zote zinarudi. Usiku mmoja, jamani! Hata malaria haikuachii hivyo.

Kazi nazo? Toleo la nne, la mwaka 2008, lilizitaja waziwazi, zipo nne: wa kukinga wenzake, wa kuua haraka, wa kuongoza na kutibu, wa kuvuruga maadui wengi kwa mpigo. Imepangwa kama timu ya mpira. Lakini wote wanne ni wapiganaji. Mbeba chakula hayumo.

Sasa njoo Gerezani. Shuka kwenye mwendokasi, tembea kidogo tu, uko Kariakoo. Jina hilo ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi, lililopita vinywani mwetu likabadilika. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na kambi ya wapagazi wao ikawa hapa. Nairobi nao wana Kariokor yao, kwa sababu hiyohiyo. Vita ya Kwanza ya Dunia huku kwetu ilibebwa kichwani: mbung'o waliua farasi na ng'ombe, mzigo ukamwangukia binadamu. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wengi wamekamatwa kwa nguvu. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, njaa, na unga usioiva vizuri.

Tena kulikuwa na hesabu ya kikatili: mpagazi naye anakula. Kadiri safari inavyorefuka, ndivyo unga mwingi zaidi unavyoishia kwa walioubeba, na kinachomfikia askari ni kidogo. Hiyo ni kanuni ya mchezo kabisa, historia imeshaiandika. Wewe bado unahesabu pointi za upanga?

Pale mjini, Sanamu ya Askari imesimama tangu mwaka 1927. Maandishi ya chini yanawataja wapagazi. Aliye juu, mwenye bunduki na singe, ni askari. Mchezo wa mezani unarudia kosa hilohilo.

Najua jibu litakalokuja: "Mchezo ni burudani, nani atataka kuwa hamali?" Swali hilo usiliulize Kariakoo mbele ya jamaa wa mkokoteni. Wengine watasema pointi ni rahisi kuhesabu, na kugawa kazi kunamsaidia mgeni kujua anafanya nini mezani. Hoja hii ya pili ina uzito, naikubali. Basi mpe kazi! Mpagazi ni kazi, tena inayowagusa wote. Akiugua, kuna njia tatu: wenzake wagawane mzigo wake na msafara upunguze mwendo, au unga uachwe, abebwe mgonjwa, au aachwe yeye. Hakuna adui aliyetokea, dadu haijarushwa, na tayari meza nzima inagombana. Jeraha la mmoja limekuwa la wote. Niambie ni pointi gani ya uhai imewahi kufanya hivyo.

Kwa hiyo, anayetaka kutunga mchezo kwa Kiswahili asikimbilie kutafsiri mazimwi na mashimo ya watu. Karatasi ya mhusika, kabla ya pointi za uhai na aina ya silaha, ianze na mstari mmoja tu: umebeba nini, na ni cha nani?