Kijerumani Nacho Kina Ngeli Zake



Kila mwaka somo la Kijerumani hupoteza wanafunzi katika shule yetu. Kidato cha Kwanza darasa hujaa. Ifikapo Kidato cha Tatu viti vingi huwa vitupu. Ukiwauliza walioacha, wengi hawalaumu matamshi wala maneno marefu. Hukutajia vijineno vitatu tu: der, die na das. Husema kwamba lugha inayofanya kijiko kuwa mwanamume, uma kuwa mwanamke, na kisu kuwa si mume wala si mke, ni lugha ya wazimu. Mimi sikubaliani nao, na napenda kueleza kwa nini.

Kwanza tuwatendee haki. Ni kweli kwamba Kijerumani hugawa majina yake katika mafungu matatu, na kila fungu lina artikeli yake, yaani kijineno kinachotangulia jina. Kijiko ni der Löffel, uma ni die Gabel, kisu ni das Messer. La ajabu zaidi, msichana ni das Mädchen, wala hayumo katika fungu la kike! Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, aliicheka sana lugha hii katika insha yake ya mwaka 1880, na msichana huyo alikuwa mmoja wa mifano yake. Basi wenzetu si wa kwanza kulalamika.

Lakini je, sisi tusemao Kiswahili tuna haki ya kushangaa? Twasema mti umeanguka, kiti kimeanguka, jiwe limeanguka, nyumba imeanguka. Ni nani aliyetueleza kwa nini jiwe na nyumba visifuate njia moja? Hatukuuliza, tulizoea tangu utotoni. Hata yule msichana wa Kijerumani si kitendawili. Kiambishi -chen hudogosha jina, na kila jina lililodogoshwa hivyo huingia katika fungu la das. Sisi nasi twasema mtoto analia, lakini tukimdogosha twasema kitoto kinalia. Mtoto hakuacha kuwa mtu. Ni jina lake lililohama ngeli. Tena twasema ndege huyu ametua, yaani yule mwenye manyoya, na ndege hii imetua, yaani ile ichukuayo abiria. Mjerumani naye husema der See kwa ziwa, na die See kwa bahari.

Tumkumbuke pia Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844. Alizikuta ngeli zetu pasipo kitabu cha sarufi cha kumwongoza, akakiandika mwenyewe, kikachapwa mwaka 1850. Ikiwa mgeni huyo hakukimbia ngeli zetu, kwa nini sisi tukimbie mafungu matatu tu?

Wako wanaosema, "Haidhuru, ukikosea artikeli Mjerumani atakuelewa." Sokoni huenda ikawa hivyo, kama sisi tumwelewavyo mgeni asemaye kitabu mzuri. Lakini tazama sentensi hizi mbili: Der Hund beißt den Mann, na Den Hund beißt der Mann. Maneno yamepangwa vilevile. Katika ya kwanza, mbwa anamwuma mtu. Katika ya pili, mtu ndiye anayemwuma mbwa! Kilichogeuza habari ni der na den peke yake. Asiyejua kwamba Hund na Mann ni majina ya fungu la der hawezi kuitunga sentensi hiyo sawasawa, na akiisoma katika mtihani hatajua nani kaumwa. Artikeli si pambo. Ndiyo inayobeba maana.

Kwa maoni yangu, kosa liko katika namna tunavyojifunza. Twaandika daftarini Tisch ni meza, tukiahidi kwamba artikeli tutaijifunza baadaye. Hiyo baadaye haifiki. Yafaa tangu siku ya kwanza kuandika na kutamka yote pamoja: der Tisch, na wingi wake die Tische. Jina lisilo na artikeli tulihesabu kuwa halijajulikana bado.

Tena kuna sheria ambazo zaweza kutupunguzia mzigo. Majina yenye viambishi -ung, -heit, -keit na -schaft ni ya die, kama die Freiheit, uhuru, na die Freundschaft, urafiki. Siku za juma na miezi ni za der. Majina mawili yakiunganishwa, la mwisho ndilo litawalalo: das Haus na die Tür huzaa die Haustür, mlango wa nyumba. Hata hivyo sipendi kuwadanganya wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza. Kijiko, uma na kisu havina sheria rahisi ya kuvipanga. Hapo dawa ni kukariri tu, matano leo na matano kesho. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwisho, tulitazame neno hili tulitajalo kila asubuhi: shule. Limetoka katika Kijerumani, die Schule. Lilipofika kwetu liliacha artikeli yake, likaingia katika ngeli yetu, na leo twasema shule hii, shule yetu, kana kwamba lilizaliwa hapa. Neno hilo la kigeni lilifuata desturi ya wenyeji wake. Nasi tukiingia katika lugha ya watu, tufuate desturi yao kabla ya kuiita wazimu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne