Zahanati Nazo Zizungumze Katika Makongamano ya Data

Makongamano ya usanifu wa data hutoa mwito wa mada miezi kadhaa kabla ya kufanyika. Mwito huomba mambo machache: kichwa cha mada, ikisiri fupi, na maelezo ya kile ambacho msikilizaji atajifunza. Katika vituo vingi vya tiba, tangazo la namna hiyo huchukuliwa kuwa jambo la wataalamu wa kompyuta, na hupita bila kusomwa. Mazoea hayo yanapaswa kuachwa, na Bonde la Kilombero ni mahali panapofaa kuanzia.

Usanifu wa data, kwa lugha nyepesi, ni kujibu maswali manne: nini kiandikwe, kiandikwe na nani, kumbukumbu moja iunganishwe vipi na nyingine, na nani aruhusiwe kuiona. Muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto hukutana na maswali hayo kila siku ya kazi. Mama mmoja huandikwa katika rejesta ya wajawazito, katika kitabu cha maabara na, siku ya kujifungua, katika rejesta ya wodi ya wazazi. Jina lake laweza kuandikwa kwa tahajia tatu. Msimu wa mpunga ukifika, baadhi ya familia huhamia kwenye mashamba yaliyo mbali na kijiji. Mtoto aliyeanza chanjo katika zahanati moja huikamilisha katika nyingine, au haikamilishi kabisa. Mfumo ambao haukusanifiwa kwa kujua kwamba watu huhama na kurudi hauwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Bonde hilo lina historia ndefu ya kutunza kumbukumbu. Maabara ya utafiti iliyoanzishwa na Waswisi mjini Ifakara katika miaka ya 1950 ndiyo chimbuko la Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Mwaka 1996 ulianza mfumo wa kufuatilia kaya katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wadadisi walipita nyumba kwa nyumba kila baada ya miezi minne, wakaandika waliozaliwa, waliofariki, waliohamia na waliohama.

Faida yake ilionekana katika mradi wa vyandarua vyenye viuatilifu uliojulikana kama KINET. Kwa kuwa orodha ya kaya ilikuwapo, watafiti waliweza kujua ni mtoto yupi aliyefariki na yupi aliye hai, kisha wakauliza nani alilala ndani ya chandarua. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001 yalionyesha kuwa matumizi ya vyandarua hivyo yaliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miaka 4. Vyandarua ndivyo vilivyowakinga watoto. Lakini bila orodha iliyopangwa vizuri, kinga hiyo isingethibitishwa kwa takwimu.

Mtandao wa INDEPTH, ulioundwa mwaka 1998, uliunganisha vituo vya aina hiyo barani Afrika na Asia, Ifakara kikiwa kimojawapo. Kwa hiyo Kilombero si ngeni katika majukwaa ya data. Walio wageni ni wahudumu wa zahanati, ambao kalamu zao ndizo zinazolisha MTUHA na mfumo wa kompyuta wa DHIS2 unaopokea taarifa za vituo nchini. Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Msanifu ambaye hajapata kujaza rejesta huku kinamama thelathini wakisubiri kwenye benchi ataongeza safu nyingine katika fomu bila kuhisi uzito wake. Gharama ya safu hiyo hulipwa na mgonjwa, kwa dakika anazopunguziwa.

Wapo watakaosema kwamba watumishi ni wachache, na kwamba makongamano yamegeuka safari za posho. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Mada isiyoweza kutaja jambo moja litakalobadilika katika chumba cha tiba haistahili kupelekwa. Lakini dawa ya makongamano yasiyo na tija si kuwaachia jukwaa wale wasioijua kazi. Ikisiri ya ukurasa mmoja yaweza kuandikwa na watu watatu kwa pamoja: muuguzi, mtunza kumbukumbu na mratibu wa takwimu wa wilaya.

Ikisiri hiyo ianze na tatizo, si na jina la programu. Badala ya kuandika kwamba kituo kimepokea vishikwambi, iseme ni wagonjwa gani waliokuwa wakipotea kati ya rejesta mbili, na kiungo gani kiliwekwa ili wasipotee. Itaje pia kilichoshindikana: umeme uliokatika, mtandao uliolegea, kazi iliyofanywa mara mbili, kwenye karatasi na kwenye kompyuta. Wasikilizaji hunufaika zaidi na kasoro iliyoelezwa kwa uaminifu kuliko na mafanikio yaliyopambwa.

Sharti la mwisho ni siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kufuta jina pekee hakutoshi. Jedwali linaloonyesha mama mmoja wa miaka 19, katika kijiji kidogo, aliyepatikana na maambukizi mwezi fulani, humtambulisha mbele ya jirani zake wote. Picha ya ukurasa wa rejesta isionyeshwe jukwaani kamwe, na vibali vya uongozi na vya maadili vitafutwe kabla ya mada kupelekwa.

Mgonjwa naye ana sehemu yake. Anayo haki ya kuuliza kwa nini anaulizwa swali lile lile katika madirisha matatu, na taarifa yake inakwenda wapi. Jibu lake likikosekana kituoni, hapo pana mada inayostahili kuandikiwa ikisiri. Na mada hiyo ikishawasilishwa, iwe Dodoma, Nairobi au ng'ambo, irudi kusomwa kwa Kiswahili katika mkutano wa kijiji ambako takwimu zake zilitoka.