Dereva wa jeshi anapokutana na mzani wa Kibaigwa

Kijana wa Mlali, wilayani Kongwa, anayejiunga na jeshi na kupangiwa kazi ya udereva, hurudi nyumbani na ujuzi ambao wengi uraiani hawana. Amefundishwa kukagua gari kabla ya kuliwasha, kwenda kwa msafara bila kuvunja nafasi na kupita njia mbovu bila kuvunja springi. Mkoani Dodoma, ambako mazao ya vijijini hutegemea malori kufika sokoni, ujuzi huo ni mtaji. Swali ni kama mtaji huo unatosha kumlisha.

Wilaya hiyo ina kumbukumbu yake. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mradi mkubwa wa karanga. Wengi walioletwa kuuendesha walikuwa wametoka vitani, na baadhi ya mitambo ilikuwa vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa matrekta. Mashine ziliharibika upesi, mafundi na vipuri vikawa haba, ardhi ikawa ngumu na mvua haikutosha. Mradi ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36. Nidhamu ya kijeshi ilikuwapo. Hesabu ya biashara ndiyo iliyokosekana.

Tofauti hiyo ingali ipo. Jeshini, mafuta, tairi na vipuri hutoka bohari, na safari hupimwa kwa amri iliyotimizwa. Uraiani safari hupimwa kwa kilichobaki baada ya mafuta, ushuru, utingo na matengenezo. Lori lililofika salama lakini likarudi tupu linaweza kuwa limeleta hasara.

Hatua ya kwanza ni karatasi. Lori la mizigo linahitaji leseni ya kiraia ya daraja E. Tangu sheria ya mwaka 2019 iliyounda LATRA, madereva wa magari ya biashara nao wanatakiwa kuthibitishwa na mamlaka hiyo. VETA na Chuo cha Taifa cha Usafirishaji hutoa mafunzo ya udereva, na hata dereva mzoefu hujifunza huko mambo ya uraiani ambayo kambini hakuyahitaji.

Mtihani mgumu zaidi, hata hivyo, ni mzani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwenye ekseli ya usukani na tani 10 kwenye ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne. Lori la ekseli mbili, basi, lisizidi tani 18.

Chukua lori lenye uzito mtupu wa tani 7 linalopakia mahindi Kibaigwa. Magunia 100 ya kilo 100 ni tani 10; jumla ni tani 17 na lori linapita. Lakini yakiwa ya lumbesa yenye kilo 130 kila moja, magunia yale yale 100 yanakuwa tani 13 na jumla inafika tani 20. Stakabadhi inasoma magunia 100, mzani unasoma kosa. Lumbesa inayomwibia mkulima wa Mlali ndiyo hiyo hiyo inayomwingiza dereva hatiani.

Hapo ndipo mazoea ya kambini yanaweza kumponza. Askari amezoea kutii anayempa mzigo. Dereva wa biashara lazima ajue kukataa, hata kama tajiri wa mzigo anafoka. Ukaguzi aliofundishwa jeshini autumie pia kuhesabu kilo, si magunia pekee.

Suala la ajira nalo lina uzito wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi haki ya maelezo ya ajira kwa maandishi, na kwa kawaida inaweka ukomo wa saa 45 za kazi kwa wiki kabla ya saa za ziada. Hata hivyo, ukosefu wa mikataba ulikuwa miongoni mwa madai ya madereva waliogoma nchini mwaka 2015. Anayetoka kwenye mshahara wa uhakika asiingie barabarani kwa posho ya safari na ahadi ya mdomo.

Kishawishi kikubwa ni kutumia kiinua mgongo kununua lori kuukuu. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, kwa hiyo mzigo hufurika baada ya mavuno na kupungua miezi inayofuata, ilhali tairi, bima na matengenezo havingoji mavuno. Busara ni kuajiriwa kwanza kwa msimu mmoja au miwili, kujua wenye mizigo na bei za njia, na kuweka daftari la kila safari.

Wasafirishaji nao wana la kufanya. Dereva anayekagua breki bila kuambiwa huokoa fedha nyingi, na anastahili mkataba unaolingana na thamani hiyo. Mkulima atafaidika pia, kwa sababu dereva anayekataa lumbesa humsaidia kulipwa kilo zake zote.