Oserian: Timu ya shamba la maua iliyowaduwaza vigogo wa soka

KENYA Police FC ilipotawazwa bingwa wa Ligi Kuu mnamo Juni 2025, kwa mara ya kwanza katika historia yake, ushindi huo ulipokelewa na wengi kwa mshangao. Gor Mahia, iliyokuwa imekwisha kutwaa taji hilo mara 21, ilivuliwa ubingwa na timu ambayo mashabiki wake hawawezi kujaza hata sehemu moja ya uwanja wa Nyayo.

Lakini wakazi wa Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua ulioko kando ya Ziwa Naivasha, wana sababu ya kutoshangaa. Miaka 24 kabla ya hapo, mabingwa wa nchi walitoka kwenye barabara yao wenyewe.

Barabara hiyo ni ile ya Moi South Lake, inayopita Karagita na kuzunguka ziwa upande wa kusini hadi shamba la Oserian. Mnamo 2001 timu ya shamba hilo, iliyojulikana kama Oserian Fastac, ilinyakua ubingwa wa taifa. Jina Fastac lilifahamika zaidi kwa wakulima kama dawa ya kuulia wadudu kuliko kwa wapenzi wa kandanda. Mwaka uliofuata, waliodhani kwamba ile ilikuwa bahati ya mtende walinyamazishwa: Oserian ililihifadhi taji.

Ili kupima uzito wa jambo hilo, ni sharti ikumbukwe ni nani waliokuwa wakitawala. Tangu miaka ya sitini, soka ya Kenya ilikuwa mali ya miamba miwili. AFC Leopards ilizaliwa mwaka 1964 ikiwa timu ya Waluhya, na Gor Mahia ikaundwa mwaka 1968 ikibeba jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Amri ya serikali ya mwaka 1980 ya kufuta majina ya kikabila iliifanya Abaluhya kuwa AFC, ila haikugusa mioyo ya mashabiki. Gor ndiyo iliyoleta nyumbani Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kwa kuishinda Espérance ya Tunisia. Palipotokea mpinzani wa kweli, alikuwa Kenya Breweries, baadaye Tusker, yenye fedha za kiwanda cha bia.

Watu hupenda kuyaita matukio ya namna hii miujiza. Wamarekani hadi leo husimulia jinsi wanafunzi wao wa vyuo walivyoilaza Muungano wa Kisovieti 4-3 katika mpira wa magongo wa barafuni kwenye Olimpiki ya Lake Placid, Februari 22, 1980, ilhali siku 13 tu kabla ya hapo walikuwa wamecharazwa 10-3 na timu hiyo hiyo. Wakenya nao wana Agosti 10, 2025, siku Harambee Stars, ikiwa na wachezaji 10 kwa kipindi kizima cha pili, ilipoifunga Morocco 1-0 uwanjani Kasarani kwa bao la Ryan Ogam katika fainali za CHAN. Hata hivyo, jioni moja huweza kumpendelea mnyonge. Morocco ilijikung'uta vumbi ikalitwaa kombe hilo hilo katika uwanja huo huo kabla ya mwezi kwisha, nao Wasovieti wakachukua dhahabu mwaka 1984 na 1988.

Ligi haina jioni moja. Ni msimu mzima wa safari, matope, majeruhi na marefa wa kila aina, na anayeibuka kileleni mara mbili mfululizo hawezi kuambiwa alibahatisha.

Siri ya Oserian haikuwa kubwa. Katika timu za kampuni, mchezaji huhesabiwa kama mwajiriwa, hivyo mshahara wake hautegemei idadi ya waliolipa langoni Jumapili. Gor na Leopards, zikiwa klabu za jamii, ziliishi kwa viingilio na hisani ya wafadhili, na chaguzi zao za viongozi zilizoea kuzaa makundi mawili kila moja likidai ndilo halali. Wachezaji wasiojua watakula nini mwisho wa mwezi hawatarajiwi kukimbia dakika 90. Kwa hiyo vigogo walikuwa wamejidhoofisha wenyewe, na ni haki kulisema hilo bila kuipunguzia Oserian sifa. Tangu 1999 hadi 2012, misimu 14, hakuna hata mmoja kati ya wawili hao aliyeonja ubingwa. Walioufaidi ni Tusker, Oserian, wanajeshi wa Ulinzi, SoNy Sugar ya wakulima wa miwa, Mathare United na Sofapaka.

Kwa Karagita kulikuwa na jambo la ziada. Wengi wa wakazi wake walihamia Naivasha kutafuta kazi, wakitoka Nyanza, Magharibi, Mlima Kenya na kwingineko, na wengi walikuja na timu zao moyoni kama walivyokuja na lugha zao. Anayezaliwa katika nyumba ya shabiki wa Gor haulizwi anashabikia nani. Oserian ilikuwa timu ya mahali pa kazi. Mkata maua wa Siaya na mpakiaji wa Nyeri waliweza kuishangilia pamoja bila yeyote kuulizwa jina la babake.

Mwishoni mwa Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipoingia Naivasha, watu waliandamwa kwa sababu ya majina yao, na maelfu wakakimbilia kituo cha polisi. Itakuwa upuuzi kudai kwamba timu ya kandanda ingeyazuia hayo. Lakini mji ambao wageni na wenyeji wana mambo machache ya kushangilia kwa pamoja hauna budi kuhesabu kila kimoja kinachopotea.

Nacho kilipotea, kwa kuwa fedha ile ile iliyoinua timu za mashamba ndiyo ilikuwa udhaifu wao. Bajeti ya timu hupunguzwa kabla ya bajeti ya mbolea. Jirani wa Oserian, shamba la Karuturi, lilikuwa pia na timu yake katika Ligi Kuu. Kampuni hiyo iliwekwa chini ya usimamizi wa wadai mwaka 2014, na wafanyakazi walikuwa na madai ya mishahara ya kushughulikia kuliko soka. Police FC ina mwajiri asiyetegemea bei ya waridi huko Uholanzi, na huenda ikadumu zaidi.

Gor ilirejea kileleni mwaka 2013 baada ya kusubiri miaka 18. Katika orodha ya mabingwa, jina la Oserian limeandikwa mara mbili, kati ya Tusker ya 2000 na Ulinzi ya 2003. Hakuna klabu nyingine ya Naivasha katika orodha hiyo.