Acheni Kuwaita Vijana Tatizo la Nakuru

Kila uchaguzi unapokaribia, kauli moja huzunguka Bonde la Ufa la kati, kuanzia Naivasha hadi Kuresoi. Chifu huitoa kwenye baraza, mhubiri huirudia kanisani, na mashirika huiandika katika maombi ya ufadhili: vijana wasio na kazi ndio wanaochoma nchi, kwa hiyo wapewe cha kufanya na amani itakuja. Wapande miti, wazibue mitaro, wacheze mpira. Kauli hiyo imekubalika kwa miaka mingi kwa sababu haimgusi mtu mzima hata mmoja. Na si kweli.

Anayeiamini na aisome upya ripoti ya tume ya Jaji Philip Waki, iliyokabidhiwa Oktoba 2008. Tume hiyo ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 27, 2007. Kati yao, 744 walikufa katika uliokuwa Mkoa wa Bonde la Ufa. Kwamba vijana walishika mapanga, mishale na petroli halina ubishi, na walioua wanastahili kuitwa wauaji. Lakini ripoti hiyo hiyo inasema mashambulizi ya Naivasha, ambako watu 19 waliteketezwa ndani ya nyumba moja mtaani Kabati mwishoni mwa Januari 2008, yalipangwa mapema. Ilieleza kuwa wafuasi wa kundi haramu la Mungiki waliyatekeleza wakiungwa mkono na wanasiasa na wafanyabiashara wa mji huo. Iko pia takwimu isiyotajwa barazani: watu 405, zaidi ya theluthi ya waliokufa nchini, waliuawa kwa risasi, na wenye bunduki walikuwa hasa polisi.

Kama uvivu na ukosefu wa kazi ndio ungekuwa chanzo, Ukambani nako kungewaka. Vijana wa Kitui na Machakos hawakuwa na ajira zaidi mwaka 2007 kuliko wenzao wa Molo, wala mifuko yao haikuwa na pesa zaidi. Wengi wao walibaki nyumbani. Njaa humfanya kijana apatikane kwa bei rahisi, na hilo lina uzito wake, lakini lazima awepo wa kumnunua na jambo la kumchochea nalo. Nakuru ilikuwa na vyote viwili.

Jambo lenyewe ni ardhi. Mashamba ya walowezi yaligawanywa baada ya uhuru, mengine yakanunuliwa na kampuni kama Ngwataniro katika miaka ya 1970, na wanunuzi wengi walitoka Mkoa wa Kati. Jamii zilizoamini kwamba nchi hiyo ilikuwa yao kabla ya mkoloni hazikuulizwa. Msitu wa Mau nao ukakatwa vipande na kugawiwa, huku Waogiek, wenyeji wa msitu huo, wakisukumwa kutoka kona moja hadi nyingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Mei 2017 kwamba serikali ilikiuka haki zao, ikaagiza fidia Juni 2022. Hakuna kijana wa Njoro aliyetia saini hata karatasi moja katika historia hiyo. Ameirithi pamoja na mpaka wa shamba na jina la jirani asiyepaswa kusalimiwa.

Tazama na miaka. Kijana aliyekuwa na umri wa miaka 20 Molo ilipowaka kwa ghasia za kikabila mwaka 1992 alikuwa na 35 mwaka 2007, akafika 50 mwaka 2022. Leo ni mzee wa mtaa, anakaa mstari wa mbele akiwakanya vijana. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilieleza mwaka huo wa 1992 kwamba wapiganaji walikuwa wakilipwa, ikawataja wakubwa waliohusishwa na uchochezi. Bunge likaikataa ripoti. Tume ya Jaji Akiwumi ikaundwa 1998 kuchunguza ghasia hizo na zilizofuata, na ripoti yake haikutolewa hadharani hadi 2002. Vizazi vya vijana vimepita, lawama imebaki kwa vijana, na aliyelipa hajawahi kuitwa barazani.

Sasa angalia kinachofanywa kwa jina la amani. Miezi michache kabla ya kura huja kombe. Timu huchanganywa ili kila upande uwe na Wakikuyu na Wakalenjin, jezi mpya huwa na neno AMANI mgongoni, mgeni rasmi huupiga mpira wa kwanza huku akipigwa picha. Mechi huwa nzuri kweli, na watoto wa pande zote hushangilia. Jioni mbuzi wa mshindi hukabidhiwa, wachezaji hurudi nyumbani kwa njia mbili tofauti, na hakuna aliyegusia shamba ambako familia moja ilifukuzwa na ambalo nyingine sasa inalilima.

Wengine husema dawa ni kuwalaza vijana wa makabila yote bweni moja na kuwapa koleo. Kenya imefanya hivyo tangu 1964, ilipoanzishwa Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, chini ya Geoffrey Griffin. Kambi yake kubwa iko Gilgil, katikati ya Naivasha na Nakuru. Maelfu wamepita hapo wakapata ufundi na marafiki wa lugha nyingine, na nchi inapaswa kushukuru. Hata hivyo, Januari 2008 Nakuru iliwaka upande mmoja wa Gilgil na Naivasha upande wa pili, ndani ya juma moja. Mpango wa serikali wa Kazi Kwa Vijana ukazinduliwa mwaka 2009. Kazi Mtaani ikaja 2020, ikawalipa vijana wa mitaa ya mabanda Sh455 kwa siku katika awamu ya pili kufyeka nyasi na kuzibua mitaro. Fedha hizo zilipeleka unga majumbani wakati wa korona. Hazikuwa na uwezo wa kurudisha shamba wala kumfikisha mchochezi kortini, na ni kosa kuzitarajia zifanye hivyo.

Watetezi wa koleo hupenda kutaja Rwanda na umuganda wake, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Huacha kutaja gacaca, mahakama za vijijini zilizosikiliza kesi zaidi ya milioni 1.9 za mauaji ya kimbari kabla ya kufungwa mwaka 2012. Zilikuwa na kasoro nyingi, mojawapo ikiwa kutogusa makosa ya wanajeshi wa upande ulioshinda. Lakini palikuwa na siku ambayo mkosaji alisimama mbele ya majirani akaeleza alichofanya. Nakuru haijawahi kuwa na siku hiyo. Huko The Hague, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, mashtaka ya ghasia za 2007 dhidi ya Uhuru Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, na kesi ya William Ruto na Joshua Sang ikakatizwa Aprili 2016. Waliofiwa walibaki na makaburi.

Kazi ya pamoja ina nguvu inapowekwa mahali pake. Marehemu Askofu Cornelius Korir wa Eldoret alilithibitisha hilo kuanzia miaka ya 1990, na akaeleza njia yake katika kitabu Amani Mashinani. Hakuanza na mpira wala miche. Alianza kwa kuketi na kila jamii peke yake, watu wakataja machungu yao bila kukatizwa: nani aliuawa, ng'ombe wangapi waliibwa, nyumba ya nani ilichomwa. Kisha wachache wa kila upande wakakutana, baadaye wengi. Makubaliano yalipopatikana ndipo wakachagua wenyewe cha kujenga: daraja, barabara, shule, josho. Josho ni mfano mzuri. Kupe hawabagui ng'ombe wa Mkalenjin na wa Mkikuyu, dawa hununuliwa kwa kuchanga, na mtunza hesabu lazima aaminiwe na pande zote mbili. Likiharibika, wote wanapata hasara. Hiyo ndiyo kazi ya kuwapa vijana, pamoja na daftari la hesabu na sauti ya kuamua, si fulana na posho ya chakula cha mchana.

Wanaodai vijana hawawezi kuvuka ukabila bila kushikwa mkono walijibiwa Juni 2024. Mswada wa Fedha uliwatoa nyumbani hadi barabarani Nakuru, Eldoret, Nairobi na miji mingine, wakitangaza kwamba hawana kabila, hawana chama wala kiongozi. Hakuna aliyewapa jezi. Walichangishana kwa simu mamilioni ya shilingi kwa ajili ya majeruhi na mazishi. Dola iliwajibu kwa risasi: kufikia Julai 1 mwaka huo, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo visivyopungua 39. Baada ya hayo, ni vigumu kumsikiliza kwa utulivu anayesema hatari ya nchi hii ni kijana.

Wazee nao walifanya sehemu yao. Agosti 2012, baada ya mazungumzo ya miezi 16, wazee wa Kikuyu na Kalenjin walitia saini mkataba wa amani wa Nakuru, na miezi minne baadaye Uhuru na Ruto wakatangaza muungano wao uwanjani Afraha. Kura ya 2013 ikapita salama hapa. Wengi waliita utulivu huo maridhiano. Lakini mwaka 2020 nyumba zikachomwa tena Nessuit na Marioshoni huko Njoro, na kabla ya uchaguzi wa 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliitaja Nakuru miongoni mwa kaunti zenye hatari kubwa. Mkataba wa wakubwa hudumu kadiri wakubwa wanavyopatana.

Machi 2015 Rais Kenyatta alitangaza hazina ya Sh10 bilioni kwa waathiriwa wa dhuluma za kihistoria. Wengi wao bado wanasubiri. Wengi wa waliokimbilia kwa jamaa badala ya kambini wakati wa ghasia za 2007 hawakupata hata zile Sh10,000 za kuanza upya walizopewa wa kambini. Watoto wao ndio vijana wanaoambiwa leo wadumishe amani.

Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Serikali ilipe fidia hiyo kabla ya kampeni kuanza, itekeleze uamuzi wa Mahakama ya Afrika kuhusu Waogiek, na imshtaki anayemlipa kijana kabla ya kumkamata kijana aliyelipwa. Nawe msomaji wa Molo, Njoro, Kuresoi au Naivasha, atakapokuja mtu kuomba kura yako huku akikuonya kuhusu vijana, mwulize kwanza amefanya nini kuhusu fidia na hatimiliki, na usimwachilie hadi ajibu.