Jicho la Angani Lisiachiwe Mataifa Makubwa

Mwezi wa Desemba, mwaka 2011, Iran iliwaonyesha walimwengu ndege ya Marekani isiyo na rubani, aina ya RQ-170, iliyoitia mkononi ikiwa karibu nzima. Ndege hiyo iliundwa ipeleleze bila kuonekana: haina mkia, na umbo lake huyatawanya mawimbi ya rada yasirudi yalikotoka. Hata hivyo ilikamatwa, na mwaka 2014 Iran ikatangaza kwamba imeunda nakala yake. Ni dhahiri kwamba siri ya ufundi haiwi salama mbele ya watu wenye elimu ya kuifungua.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa mbali na Uyole, penye njia panda ya kwenda Zambia na Malawi. Mwezi wa Desemba, mwaka 2013, Umoja wa Mataifa ulianza kurusha ndege za upelelezi zisizo na rubani kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, ambako wanajeshi wa Tanzania walikuwamo katika kikosi cha kulinda amani. Vijana wa Afrika walilinda ardhi. Jicho la angani lilikuwa limeundwa Italia.

Zanzibar ilionyesha njia nyingine. Kuanzia mwaka 2016, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walifundishwa kurusha ndege ndogo za aina hiyo, zikapigwa picha za kuchorea ramani za Unguja na Pemba.

Uyole nayo ina desturi ya kuugeuza utaalamu kuwa mali ya wakulima. Maharage ya Uyole 84 na Uyole 94 ni ushahidi. Ndege ndogo yenye kamera yaweza kumsaidia bwana shamba kuona mahali ugonjwa unapoanzia katika shamba la viazi.

Serikali ina haki ya kuvidhibiti vyombo hivi, kwani kinachotazama viazi chaweza pia kutazama kambi ya jeshi, au ua wa mwananchi bila ridhaa yake. Lakini afisa anayetoa kibali cha chombo asichokielewa hadhibiti chochote. Anatia sahihi tu.

Kwa hiyo walimu wa fizikia na hisabati hawana budi kuyafundisha mawimbi na rada kwa mifano hii iliyo hai, na maofisa wa serikali wajifunze pamoja na vijana. Taifa lisiloweza kuunda ndege hizo leo halina udhuru wa kutozielewa.