Hisa za Figma: Watoa Maoni ni Wengi, Walipaji ni Wachache

Julai 31, 2025, hisa za kampuni ya Figma ya Marekani ziliingia kwa mara ya kwanza katika Soko la Hisa la New York. Bei ya toleo ilikuwa dola 33 za Kimarekani kwa hisa moja. Biashara ilifunguliwa kwa dola 85, na hadi soko linafungwa jioni bei ilikuwa imefika dola 115.50, yaani mara tatu na nusu ya bei ya toleo katika siku moja. Mapema Septemba kampuni hiyo ilitoa ripoti yake ya kwanza ya robo mwaka tangu iingie sokoni, na katika siku moja bei ilianguka kwa karibu asilimia 20, ikateremka chini ya dola 60. Ajabu ni kwamba mauzo hayakuwa mabaya. Yalikuwa yamepanda kwa zaidi ya asilimia 40 yakilinganishwa na kipindi kama hicho cha mwaka 2024. Kilichoanguka ni matumaini ya wanunuzi wa siku ya kwanza.

Wapo wawekezaji wadogo wa Dar es Salaam na Nairobi ambao siku hizi hununua hisa za Marekani kwa kutumia simu zao za mkononi, na habari za bei kupanda mara tatu kwa siku huwafikia haraka kuliko habari za kampuni yenyewe. Kabla ya mtu kutoa dola zake ni vyema ajiulize maswali mawili ambayo muuza duka yeyote angeuliza: kampuni hii inauza nini, na ni nani hasa anayeilipa?

Inachouza si kigeni kwa yeyote aliyewahi kuchapisha lebo. Mwenye kiwanda kidogo cha sabuni anampa kazi msanifu wa michoro. Msanifu anachora, anatuma picha kwa WhatsApp. Mwenye kiwanda anajibu kwa ujumbe wa sauti kwamba rangi ikolezwe kidogo. Mkewe, ambaye ndiye mwenye duka, anasema herufi ziwe kubwa. Meneja wa mauzo anapiga simu kusema namba ya simu imekosewa. Baada ya siku nne zipo picha tisa, na mtu anaandika "ile ya juzi ndiyo nzuri". Ya juzi ipi? Kazi inakwenda kwa mpiga chapa, lebo elfu tano zinatoka na namba ileile iliyokosewa, na hapo ndipo ugomvi wa nani alipe hasara unapoanza. Hakuna karatasi inayoonyesha nani aliidhinisha nini.

Programu za kuonyeshana michoro kupitia intaneti ziliundwa kuondoa balaa hilo. Mchoro unakaa mahali pamoja, mteja anapewa kiungo, anaufungua katika kivinjari cha kompyuta yake, anabofya pale palipomkera na kuandika neno lake. Dokezo linabaki limebandikwa mahali palepale, likiwa na jina la aliyeliandika na saa aliyoliandika. Msanifu akisharekebisha, anafunga dokezo. Wasanifu wa Ulaya na Marekani hutumia mtindo huu hasa kwa kurasa za tovuti na programu za simu, lakini hesabu yake ni ileile ya lebo ya sabuni. Bidhaa inayouzwa ni kumbukumbu ya makubaliano.

Figma haikuwa ya kwanza katika biashara hii. Mwaka 2011 ilianzishwa New York kampuni ya InVision, na kwa miaka kadhaa ndiyo iliyokuwa mfalme wa kazi hiyo. Msanifu alichora kwa programu nyingine, akapandisha picha zake InVision, akaziunganisha ili mteja aweze kubofya kitufe na kuhama ukurasa kama vile programu imekwisha kujengwa, na mteja akaacha madokezo yake juu yake. Desemba 2018 wawekezaji waliipa InVision thamani ya dola bilioni 1.9. Januari 2024 ilitangaza kwamba huduma zake za usanifu zingefungwa mwisho wa mwaka huo, na zikafungwa.

Jambo hilo linastahili kutazamwa kwa makini na kila anayeweka fedha katika kampuni za aina hii. InVision haikuanguka kwa wizi wala kwa kukosa wateja wakubwa. Udhaifu wake ulikuwa katika mpangilio wa kazi yenyewe. Mchoro halisi ulikaa kwenye kompyuta ya msanifu, na maoni yakakaa kwenye mtambo wa InVision. Kila msanifu alipobadilisha kitu, ilimbidi apandishe picha upya, na siku akisahau, mteja alitoa maoni juu ya mchoro uliokwisha kupitwa. Wenyewe waliliona hilo. Mwaka 2017 walitangaza programu yao ya kuchorea, Studio, lakini haikushika.

Wakati huo Figma, iliyoanzishwa mwaka 2012 na Dylan Field na Evan Wallace na kufunguliwa kwa umma mwaka 2016, ilikuwa imeiweka kazi yote ndani ya kivinjari. Mahali pa kuchorea na mahali pa kutolea maoni pakawa pamoja. Msanifu anapovuta mstari, mteja aliye mji mwingine anauona ukivutwa. Hapakuwa tena na kitu cha kupandisha, na huduma ya kupandisha ambayo wateja walikuwa wakiilipia ikawa haina kazi. Ndani ya miaka michache thamani ya bilioni 1.9 ikayeyuka.

Sasa swali la nani analipa. Figma hutoza kwa kile inachokiita kiti. Msanifu analipia kiti chake cha kuhariri. Mteja anayetazama tu na kuacha maoni halipi kitu. Waraka wa kampuni kwa wawekezaji wa mwaka 2025 ulitaja watumiaji milioni 13 kwa mwezi, na kwamba karibu theluthi mbili yao si wasanifu. Mapato ya mwaka 2024 yalikuwa dola milioni 749. Ukigawa unapata chini ya dola 5 kwa kila mtumiaji kwa mwezi, na hapo umewahesabu wanaolipa na wasiolipa pamoja.

Wapo wanaouona umati huo wa watazamaji wa bure kama mzigo. Hilo si kweli. Mteja wa bure ndiye anayempeleka msanifu Figma na kumzuia asitoke. Wakala wa matangazo akishawazoesha wateja wake ishirini kutoa maoni mahali pamoja, kuhama kwake si suala la kununua programu nyingine tu. Atalazimika kuwafundisha watu ishirini upya, wengine wao wakiwa mabosi wasiopenda kufundishwa. Ni kama mwenye mgahawa anayetoa maji ya kunywa bure. Maji hayamletei senti, lakini jaribu kuyaondoa.

Tatizo linakuja pale bei ya hisa inapoanza kumhesabu mnywaji maji kama mla wali. Kwa bei ya kufungia ya siku ya kwanza, Figma nzima ilikuwa imepewa thamani ya zaidi ya mara 60 ya mapato yake ya mwaka 2024. Ili thamani hiyo iwe halali, sehemu kubwa ya hao wasiolipa ingebidi ianze kulipa, na haraka. Kampuni inajaribu. Sehemu ya waandishi wa programu, ambayo mwanzoni ilitolewa bure kwa majaribio mwaka 2023, ililetewa malipo mwaka 2024. Machi 2025 aina za viti zilipangwa upya na bei zikapandishwa. Lakini kuna mpaka ambao haiwezi kuuvuka: siku itakayomtoza mteja wa mwisho kwa kuandika "hapa sipapendi", mteja huyo atarudi WhatsApp. Hapo msanifu naye hana tena sababu ya kubaki.

Juu ya hayo, kile ambacho Figma iliitendea InVision kinaweza kutendwa na mwingine kwa Figma. Zipo tayari programu za akili mnemba zinazotengeneza ukurasa mzima kwa maneno machache ya maelezo, na Figma yenyewe imetoa ya kwake. Ikiwa mchoro utazaliwa mahali pengine, maoni nayo yataufuata huko.

Adobe, kampuni kongwe katika biashara ya michoro, iliuona uzito wa jambo hili mapema. Mwaka 2021 iliinunua Frame.io, ambayo kazi yake ni kukusanya maoni ya wateja juu ya picha za video, kwa dola bilioni 1.275. Septemba 2022 ikatangaza kuinunua Figma kwa dola bilioni 20. Wasimamizi wa ushindani wa Uingereza na Umoja wa Ulaya walipinga, na Desemba 2023 mpango ukavunjwa, Adobe ikalipa Figma fidia ya dola bilioni 1. Mnunuzi mwenye ujuzi wa ndani wa biashara hiyo, akiwa na hofu ya kumezwa, alifika bilioni 20. Mwaka mmoja na nusu baada ya mpango kuvunjwa, soko lilitaka watu wasiojua biashara hiyo walipe zaidi ya mara mbili ya hizo.

Na waliouza ni akina nani? Katika toleo hilo, karibu theluthi mbili ya hisa zilizouzwa zilitoka kwa wenye hisa wa zamani, si kwa kampuni. Si kosa, ndivyo masoko yalivyo. Ila mtu aliyenunua saa ya ufunguzi kwa dola 85 alikuwa akinunua kwa waliozipata kwa 33, ambao nao walizipata kwa waliozishika kwa miaka. Wasomaji wa Afrika Mashariki hawahitaji kufundishwa hili na New York. Safaricom ilipouzwa mwaka 2008 kwa shilingi 5 za Kenya, bei ilipanda siku ya kwanza, wengi wakakimbilia, na kabla ya mwaka kwisha hisa ilikuwa chini ya bei ya toleo. Kampuni ilikuwa nzuri, na baadaye ilithibitisha hivyo. Aliyeumia ni yule aliyenunua kwa mkopo akitegemea wiki ya kwanza.

Kwa hiyo anayetaka hisa za Figma asisome idadi ya watumiaji. Asome mapato yanayotoka kwa wateja walewale wa mwaka uliopita, kama yanaongezeka au yanapungua, na aangalie kila badiliko la bei ya viti linaifanya nini idadi ya wanaolipa. Takwimu hizo hutolewa kila robo mwaka, na hazihitaji shahada kuzielewa.

Kwa wafanyabiashara ambao hawana haja ya hisa bali ya lebo, vifungashio na tovuti, kutumia programu hizi ni faida, hasa kwa kuwa upande wao ni bure. Lakini wateja wa InVision walipewa hadi mwisho wa 2024 kuondoa michoro na madokezo yao, na baada ya hapo mlango ukafungwa. Mchoro ulioidhinishwa, pamoja na maoni ya mwisho na tarehe yake, ubaki pia katika kompyuta ya duka, katika faili lisilohitaji nywila ya kampuni yoyote ya California. Mpiga chapa akidai kwamba namba ya simu iliyokosewa ndiyo aliyopewa, mwenye duka atakuwa na cha kumwonyesha.